Moto Wake Uko Wapi? Istilahi ya "Pampu ya Joto" na Mjadala wa Nishati katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi mtambo unaoitwa pampu ya joto unavyofanya kazi, na inachunguza maneno ambayo msemaji wa Kiswahili wa mpakani mwa Uganda na Kenya anayo ya kuuelewa. Wataalamu wa istilahi hulitilia shaka neno pampu kwa kuwa ni mkopo. Makala inadai kwamba neno hilo halina tatizo. Ugumu unatokana na mazoea yetu ya kutaja joto kwa neno moto, na ya kutotenga joto na jotoridi. Mifano inatoka Paya, wilayani Tororo, na katika miji ya Busia na Malaba.

Utangulizi

Paya hakuna anayepasha joto nyumba. Usiku wa baridi kupita kiasi mtu huongeza blanketi la pili, na mchana kutwa shida ya nyumba zetu za mabati ni kuondoa joto, si kulitafuta. Kwa hiyo habari ambazo redio za Kiswahili zimekuwa zikizitangaza tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, kwamba nchi za Ulaya zinaharakisha kung'oa majiko ya gesi yanayopasha nyumba na kuweka pampu za joto mahali pake, huwafikia wasikilizaji wa kwetu kama habari za sayari nyingine.

Shangazi yangu aliisikia mojawapo ya habari hizo nikiwa nimeketi naye. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha miaka mingi ya kuuza njugu na mtama Busia, na maneno yote ya taarifa ile aliyajua: pampu anaijua, joto analijua. Hata hivyo aliniuliza, "Huo mtambo, mwanangu, moto wake uko wapi?" Nikamjibu kwamba hauna moto. "Basi joto linatoka wapi?" Nilikuwa na shahada ya uzamivu ya isimu, na nilishindwa kumjibu kwa sentensi moja iliyonyooka.

Nilidhani kosa ni la istilahi. Niliporudi kwenye meza yangu nilianza kutunga neno mbadala, kihamishajoto, nikilijenga juu ya kitenzi hamisha kwa kufuata kanuni tunazowafundisha wanafunzi. Makala hii ni maelezo ya kwa nini nimeliacha neno hilo.

Moto, joto na jotoridi

Kiswahili hakina kivumishi halisi chenye maana ya "enye joto kali". Tunasema maji ya moto, chai ya moto, uji wa moto. Chakula kilichopoa tunakipasha moto. Nomino inayotaja mwako ndiyo inayobeba sifa ya kitu kilichopata joto. Kwa matumizi ya kila siku hakuna hasara, maana kwa karne nyingi maji hayakupata joto bila kuwekwa motoni. Lugha jirani zinafanana na Kiswahili katika kuupa moto kazi nyingi. Katika Kijaluo, ambacho ni ndugu wa karibu wa Dhopadhola inayozungumzwa Paya, mach ni moto, na neno hilo hilo hutumika kwa mwanga wa taa na kwa umeme. Swali la shangazi, basi, lilikuwa swali la msemaji hodari. Mtu akikuambia kuna joto, una haki ya kuuliza moto uko wapi.

Hata hivyo Kiswahili chenyewe kina ushahidi kwamba uhusiano huo unaweza kukatika. Tanzania na Kenya zina mahali kadhaa panapoitwa Maji Moto, palipo na chemchemi zinazotoka ardhini zikiwa za moto, na hakuna anayeuliza nani amekoka moto chini ya mwamba. Huko Naivasha, mvuke wa ardhini ulianza kuzalisha umeme Olkaria mwaka 1981, na mashamba ya maua ya eneo hilo yameutumia pia kupasha nyumba za waridi usiku. Katika mifano hii joto halikutengenezwa na mtu. Lilikuwapo, likachukuliwa, likapelekwa linakohitajika. Msemaji wa Kiswahili analikubali jambo hilo bila taabu panapohusika ardhi. Kinachomtatiza ni kuambiwa kwamba hewa ya kawaida, hii tunayoivuta, nayo ina joto linaloweza kuchukuliwa.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya pili, ile ya joto na jotoridi. Maneno haya yametenganishwa katika vitabu vya sayansi vya Kiswahili kwa miongo kadhaa. Jotoridi, ambayo vitabu vingine huiita halijoto, ni kipimo cha ukali, na joto ni kiasi cha nishati. Lakini katika mazungumzo, na hata katika taarifa za hali ya hewa, yote mawili ni joto. "Joto leo ni nyuzi 30," tunasema. Chukua kikombe cha chai inayotoka kuchemka na pipa la lita 200 la maji yaliyokaa juani hadi yakawa vuguvugu. Chai ina jotoridi kubwa zaidi, itakuunguza ulimi. Pipa lina joto jingi zaidi, kwa maana ya kwamba kulipoza hadi kiwango cha maji ya kisimani kungetoa nishati ambayo kikombe kile hakiwezi kuifikia hata kikizidishwa mara kumi. Hewa ya Tororo ya nyuzi 25 ni kama pipa hilo. Haiunguzi, lakini ni nyingi, na ina joto. Asiyekuwa na maneno mawili ataliona joto hilo kama halipo, kwa sababu halimchomi.

Friji ya duka la soda

Maelezo yaliyofaulu sikuyapata katika kamusi. Niliyapata katika duka la soda. Friji imeenea mpakani kote, na kila friji ni pampu ya joto. Ndani yake kuna bomba jembamba lililojikunja, lenye kimiminika kinachochemka kwenye jotoridi la chini sana, chini ya lile la barafu. Kimiminika hicho kinapogeuka kuwa gesi ndani ya bomba hunyonya joto kutoka kwa vitu vilivyo karibu, yaani soda na maziwa. Gesi hiyo huvutwa na kompresa, ikabanwa kwa nguvu, na kwa kubanwa jotoridi lake hupanda. Kisha hupita katika bomba lililo nyuma au ubavuni mwa friji, ambako hutoa joto lake katika hewa ya chumba na kurudi kuwa kimiminika. Hupitishwa kwenye tundu dogo, mgandamizo ukashuka, ikapoa, na safari ikaanza upya.

Nilimpeleka shangazi kwenye duka hilo, nikamwomba aguse ndani ya friji, kisha apitishe mkono nyuma yake. Alikaa kimya kidogo. "Kumbe huu ulikuwa moto wa soda," akasema. Bado alitumia neno moto, na sikumsahihisha, kwa maana alikuwa ameshika jambo lote: joto lililokuwa ndani ya chupa sasa lilikuwa nje, ukutani, na hakuna kilichokuwa kimeungua.

Mtambo unaopasha maji au nyumba ni friji hiyo iliyogeuzwa. Sehemu inayonyonya joto huwekwa nje, inyonye hewa ya uani, na sehemu inayotoa joto huzungushiwa tangi la maji. Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwanasayansi wa Uingereza William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852, na katika muongo huo huo mhandisi wa Austria, Peter von Rittinger, alilitumia kukausha maji ya chumvi. Mwaka 1938 jumba la manispaa ya Zürich lilianza kupashwa kwa joto lililotolewa katika maji ya mto Limmat. Uswisi haikuwa na makaa ya mawe ya kutosha. Ilikuwa na mito na umeme wa maporomoko. Msomaji wa Uganda anaweza kuona kwa nini mfano huo unatuhusu kuliko ule wa nchi zenye visima vya gesi.

Hesabu yake ni hii. Kupandisha jotoridi la lita 100 za maji kwa nyuzi 30, kiasi cha kutosha kwa wodi ndogo ya wazazi kwa usiku mmoja, kunahitaji nishati ya takriban kilowati-saa 3.5. Kikanza cha koili, kile cha kutumbukizwa ndooni, kitatumia umeme huo wote. Pampu ya joto inayohamisha sehemu tatu za joto kwa kila sehemu moja ya umeme itatumia kama kilowati-saa 1.2, na katika hewa yetu ya uvuguvugu mtambo huu hufanya kazi kwa wepesi kuliko katika baridi ya Ulaya. Kwa mafiga matatu, ambapo sehemu kubwa ya joto hupotelea hewani, kazi hiyo hiyo itateketeza kuni za kilo tano au zaidi. Kwa jiko la makaa, karibu kilo mbili za makaa.

Nisieleweke vibaya. Mtambo huu haupiki ugali. Mitambo ya kawaida hupasha maji hadi nyuzi 55 au 65, na jiko la nyumbani linahitaji zaidi ya hapo. Bei ya kuununua ni kikwazo kwa kaya nyingi, na umeme wenyewe hukatika. Manufaa yake ya karibu ni katika vituo vya afya, mabweni, hoteli, ukaushaji wa nafaka na maziwa. Nimewahi kukesha katika kituo kimoja cha afya, kilomita chache kutoka barabara kuu, ambako maji ya mzazi yalisubiri makaa yashike. Kituo kilikuwa na umeme usiku ule. Kilikuwa pia na friji ya chanjo, nayo ilikuwa ikimwaga joto lake ukutani.

Pampu mbili za Paya

Sasa turudi kwenye neno. Pingamizi langu dhidi ya pampu lilikuwa kwamba ni mkopo, na kwamba linaleta picha ya kusukuma maji. Nilipowaeleza walimu wachache wa shule za msingi kwa kutumia kihamishajoto, walisikiliza kwa adabu. Mmoja akauliza kama ndiyo ile pampu ya joto. Kisha akaendelea kuwaeleza wenzake mwenyewe, vizuri kuniliko.

Alitumia pampu ya kisima. Maji chini ya ardhi yapo, ni mengi, lakini yako chini. Hayawezi kupanda yenyewe. Mkono wako hautengenezi maji. Unayapandisha. Ndivyo joto la hewa lilivyo: lipo, ni jingi, lakini liko katika jotoridi la chini, na kwa asili yake joto huteremka kutoka penye jotoridi kubwa kwenda penye dogo, kama maji yateremkavyo mlima. Kulipandisha kunahitaji kazi, na kazi hiyo ndiyo umeme. Kadiri kisima kilivyo kirefu ndivyo mkono unavyochoka, na kadiri tofauti ya jotoridi ilivyo kubwa ndivyo kompresa inavyokula umeme. Sijui mfano ulio sahihi zaidi ya huu katika kitabu chochote cha fizikia nilichokisoma.

Mwalimu mwingine akaongeza pampu ya baiskeli. Anayejaza upepo katika tairi anajua kwamba baada ya dakika chache sehemu ya chini ya pampu huwa ya moto. Hewa iliyobanwa hupata joto, nayo ndiyo kazi ya kompresa. Baiskeli si mfano mdogo Busia. Hapo mpakani ndipo jina bodaboda lilipozaliwa, kwa waendesha baiskeli waliobeba abiria na mizigo kutoka kizuizi cha nchi moja hadi cha nchi nyingine, na neno hilo lilisambaa Afrika Mashariki nzima bila kupitishwa na kamati yoyote.

Pampu, basi, si mgeni Paya. Ina maana mbili za kienyeji, moja ya kupandisha na nyingine ya kubana, na pampu ya joto inazihitaji zote mbili. Kihamishajoto kinataja tokeo peke yake. Hata ukuta wa bati huhamisha joto. Ninapendekeza pampu ya joto ibaki, na juhudi yetu iende kwenye vitenzi. Taarifa zinazosema mtambo huu "unazalisha joto" zinapotosha. Unapandisha joto, au unahamisha. Kikanza libakie neno la vifaa vinavyogeuza umeme kuwa joto moja kwa moja.

Stima, umeme na kisukuku

Mjadala wa kuacha mafuta una maneno yake yanayoteleza. Mkutano wa Dubai wa Desemba 2023 uliitisha nchi zote ziondoke hatua kwa hatua katika matumizi ya nishati ya kisukuku, na wafasiri wa Kiswahili wamejaribu kuacha, kuachana, kuondokana na kuhama. Mimi nachagua kuhama. Kuacha ni tendo la mara moja. Kuachana ni la wanandoa, na humwacha msikilizaji akiuliza nani atabaki na watoto. Anayehama hupakia mizigo kidogo kidogo, na hahami mpaka ajue anakokwenda.

Kisukuku lenyewe ni neno zuri lisilofika sokoni. Muuza mafuta wa Malaba anajua petroli, dizeli, mafuta ya taa na gesi ya mtungi. Hana neno moja la kuyakusanya. Anachojua, na anakijua kuliko mwandishi wa sera, ni jinsi yanavyokwama. Sehemu kubwa ya mafuta ya Uganda hupita Kenya kwa bomba hadi Eldoret na Kisumu, kisha kwa malori kupitia Malaba na Busia. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipofunga njia Januari 2008, na madereva walipogoma Januari 2022 kwa sababu ya vipimo vya korona mpakani, bei zilipaa Uganda nzima. Kenya ilipoongeza ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuzuia uchanganyaji wake na dizeli, waliolipa ni pamoja na mama aliyekuwa akichemsha chai.

Kuna pia mkanganyiko wa safi. Sera za Afrika Mashariki, ukiwamo Mkakati wa Tanzania wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, huihesabu gesi ya mtungi kuwa nishati safi. Ni safi kwa mapafu ya mpishi, na kwa misitu, sina ubishi. Lakini ni ya kisukuku. Mwanafunzi atakayesoma kwamba tunahama kutoka kisukuku kwenda nishati safi atahitaji kuambiwa kwamba makundi hayo mawili yanapishana.

Kuhusu umeme, mpaka huu una maneno yanayochekesha na kufundisha. Ng'ambo ya Kenya ni stima, neno lililobeba mvuke wa injini za makaa katika asili yake. Katika Kiswahili sanifu ni umeme, ambao mwanzo ni mmweko wa radi. Upande wa Uganda, Umeme lilikuwa jina la kampuni ya usambazaji tangu 2005 hadi Machi 2025, hata mtu akisema "Umeme hawajaja" alikuwa akiwalaumu watu, si waya.

Swali la umeme unatoka wapi lina uzito katika hesabu yetu. Tororo ina mtambo wa megawati 50 unaochoma mafuta mazito. Mtambo wa namna hiyo hugeuza chini ya nusu ya nishati ya mafuta kuwa umeme, na sehemu nyingine hupotea njiani. Pampu ya joto ikizidisha umeme huo mara tatu, imerudisha kilichopotea na kuongeza kidogo tu. Lakini umeme wa Uganda kwa sehemu kubwa ni wa mto Nile, kuanzia bwawa la Owen Falls lililofunguliwa Jinja mwaka 1954, ambalo sasa ni Nalubaale, hadi Karuma ya megawati 600 iliyozinduliwa 2024. Na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa ni wa mvuke wa ardhini, maji na upepo. Kwa umeme huo kila sehemu iliyozidishwa ni faida.

Gesi tatu

Neno linalonitia hofu kuliko pampu ni gesi. Mpakani lina maana tatu: gesi ya kupikia, gesi inayoongezewa hewa joto, na gesi ya friji. Maana ya tatu inabadilika sasa hivi. Mnamo Oktoba 2016 nchi zilizokutana Kigali zilikubaliana kupunguza hidrofluorokaboni, kemikali za friji na viyoyozi, kwa kuwa baadhi yake huhifadhi joto la angani zaidi ya mara elfu moja kuliko kiasi kile kile cha kabonidayoksaidi. Badala yake zinaingia isobutani na propani. Propani na butani ndizo zilizomo katika mtungi wa jikoni.

Fundi aliyejifunza kazi chini ya mwembe, kwa neno gesi peke yake, anaweza kuona hapa ruhusa ya kujaza friji kutoka mtungi wa jikoni. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko usio na kipimo cha mtambo, ina kemikali ya harufu, na inawaka. Na friji nyingi za zamani hazikuundwa kwa kitu kinachowaka, zina swichi zinazotoa cheche. Uganda ilipokubali Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, ilikubali pia kwamba siku moja mitihani ya mafundi hawa na maandishi ya mitambo yao yatakuwa katika Kiswahili. Kamusi zetu zimezoea kupanga maana za neno kwa namba, moja, mbili, tatu. Kwenye kibandiko cha kompresa hakuna nafasi ya namba. Pendekezo langu kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kwa wanaotunga mitaala ya ufundi ni kwamba gesi ya kupoza iandikwe hivyo, kwa maneno matatu, isifupishwe, na kila inapowaka neno inawaka liandikwe juu yake kwa herufi kubwa.